Magazeti ya Baba Ndani ya Kilindo

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea zawadi. Gazeti. Si la leo, ni la wakati wa vita, la asili, alivyosema mwenyewe, limewekwa ndani ya fremu yenye kioo na kufungwa utepe kama maharusi. Kumbe huko mjini siku hizi watu wanayatafuta magazeti hayo, wanayanunua, wanayaweka kumbukumbu, wanapeana siku za kuzaliwa na siku za kustaafu. "Bibi, hili ni halisi kabisa," akaniambia, kifua mbele. "Halina doa hata moja. Inaonekana halikuwahi kufunguliwa."

Nikalishika, nikanusa pembeni mwa kioo. Halikuwa na harufu yoyote. Nikamwuliza, "Sasa hili lilikuwa la nani?" Akacheka kidogo, akamtazama mama yake, akidhani nimeanza kupotea. Sijapotea. Nilikuwa nimeuliza swali la maana. Lakini usiku ule na siku zilizofuata, mwili ulinichangamka kama wa mtoto anayesubiri sikukuu, maana ninyi wa umri wangu mnajua: gazeti la vita lilikuwa na harufu. Lilinuka mafuta ya taa, sukari guru, tumbaku na mikono ya watu. Na mimi niliwahi kuwa nayo mengi kuliko mtoto yeyote wa Ng'ambo.

Tulikaa Ng'ambo, mtaa wa Tabora, nyumba ya udongo yenye ua mdogo, mimi, mama, na bibi aliyemzaa baba. Baba alikuwa amechukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza. Aliondoka na treni pamoja na vijana wengine wa Tabora, akaniambia nisilie, nikalia. Sikuwa nasoma. Kwetu mtoto wa kike alipewa ndoo, hakupewa daftari. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo, nikiwa tayari na wakwe. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu kudhani nilikusanya magazeti kwa sababu ya habari zake. Sikujua hata herufi moja.

Sababu ilikuwa fungu la msafiri.

Bibi aliolewa na mpagazi, wale wa mwisho mwisho, kabla reli haijawanyang'anya kazi. Mumewe alikuwa akienda pwani na pembe begani, anarudi msimu mwingine na nguo na chumvi. Nyumbani kwao mke wa mpagazi alikuwa na kazi moja asiyoweza kuiacha. Kila kitu kilichoingia nyumbani mume akiwa hayupo, alitenga kidogo. Mtama wa kwanza, konzi moja. Karanga mpya, konzi moja. Asali ikirinwa, kibuyu kidogo. Mbuzi akichinjwa, kipande cha nyama kilichokaushwa kwa moshi. Vyote vilifungwa na kuning'inizwa darini juu ya jiko. Msafiri akirudi anaonja kila kimoja, mpaka amalize kula siku zote alizozikosa. Ndipo huhesabiwa amefika.

"Kwa nini, bibi?" nilimwuliza, tukiwa tunachambua mboga uani.

"Kwa sababu mtu akitoka mbali, miguu hutangulia," akanijibu, bila kuinua macho. "Kichwa hubaki njiani kinatazama tazama. Babu yako alirudi mara moja kutoka pwani, akakaa mlangoni pale siku na siku, unamwita hasikii. Miguu ilikuwa imefika. Kichwa kilikuwa bado Ugogo huko. Nikamlisha fungu lake, kimoja kimoja, mpaka kikaja."

"Na ukisahau kutenga kitu kimoja?"

"Kichwa kinakwama pale ulipoparuka."

Bibi alisema hivyo kama anavyosema chumvi imekwisha. Mimi nililichukua neno lile nikalala nalo.

Basi mama na bibi wakawa wanatenga, darini pakawa na vifurushi vinavyoning'inia kama popo. Lakini mimi nikaona kuna kitu kinaingia Ng'ambo kila wiki na hakuna anayemtengea baba. Gazeti. Lilishuka na treni, likafika dukani kwa Bwana Hirji, Mhindi aliyeuza sukari, mafuta ya taa na kaniki pale kwenye njia panda yetu. Jioni aliketi barazani, akavaa miwani, akawasomea watu kwa sauti: askari wetu wamefika wapi, wamevuka mto gani, wapi kumeangushwa mabomu. Wazee walikaa chini, wanawake walisimama na madumu yao. Mama hakuwahi kukosa. Aliposikia neno Bama, yaani Burma kule Asia, kwa sababu watu walisema Keya wetu wamepelekwa huko, alikuwa anashika shingo yake mwenyewe hivi. Na kwenye gazeti kulikuwa na picha: askari weusi wamesimama mistari, kofia zimelala upande. Niliziangalia kwa karibu mpaka pua ikagusa karatasi. Wote walikuwa baba.

Wiki ikipita, Bwana Hirji alilichana gazeti lile akafungia watu sukari.

Nadhani mnaelewa sasa moto ulionishika. Mama anatenga karanga, na huku siku zenyewe, siku nzima zenye baba ndani yake, zinachanwa na kufungiwa sukari! Kesho yake asubuhi niliamkia dukani.

"Shikamoo, Bwana Hirji."

"Marahaba. Nani kakutuma, Kabula? Mafuta hakuna, mwambie mama mpaka Ijumaa."

"Sijatumwa. Nataka gazeti likizeeka."

Akanitazama juu ya miwani. "Utalifanyia nini? Kula?"

"Namtengea baba."

Halafu akanionyesha ufagio. Tukakubaliana: nifagie baraza kila siku, na gazeti likishasomwa, zima, halichanwi, ni langu. Mkewe, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alipokuwa akipita alinisemesha, "Pale kona bado." Kila siku pale kona ilikuwa bado.

Bibi hakunicheka. Alishusha kilindo chake kutoka juu ya kabati, kile chombo cha magome ya mti kilicho duara, chenye kifuniko, ambacho babu alikuwa akibebea unga njiani kwenda pwani. Baadaye kiliwekewa asali ya Sikonge kwao mama, kikashika harufu hiyo isitoke tena. "Weka humu," akasema. "Kilishazoea safari." Nikayaweka magazeti humo, moja juu ya jingine. Na kwa kuwa sikujua kusoma, nililijua kila moja kwa namna yangu. Hili lina duara la kikombe cha chai cha Bwana Hirji. Hili lilinyeshewa siku mvua ya kwanza iliponikuta njiani. Hili mbuzi alilitafuna pembeni. Nilikuwa nikiyatoa yote na kuyatandaza uani, natembea kando yake kama askari mkaguzi, nayarudisha. Sijui kama nimewahi tena kuwa tajiri namna ile.

Kisha ikaja ile safari ya Sikonge. Mama alinipeleka kwa wajomba wakati wa kurina asali, tukakaa huko zaidi ya tulivyopanga kwa sababu lori liliharibika. Tuliporudi, kabla hata sijashusha mzigo kichwani, nilikimbia dukani.

Bwana Hirji alijikuna shingo. "Ah, Kabula. Nilidhani umehama. Karatasi hakuna siku hizi, vita imekula karatasi. Mama Salima kaja asubuhi hii analia hana cha kufungia karanga. Nimempa."

"Umempa lipi?"

"La wiki iliyopita. Lile lenye picha kubwa ya askari."

Sikuutua mzigo, niliutupa pale pale barazani kwake, nikasikia mke wake anapiga kelele nyuma yangu. Mama Salima alikuwa jirani yetu, alikuwa akiuza karanga stesheni treni ya kwenda pwani ikisimama. Na siku ile ilikuwa siku ya treni. Kutoka kwetu mpaka stesheni si karibu kwa mguu wa mtoto. Nilikimbia nikiwa na neno moja tu masikioni, la bibi: kinakwama pale ulipoparuka. Baba yangu alikuwa akivuka mito huko Bama, kichwa chake kimebeba kofia ya upande, na wiki moja yake iko mikononi mwa walaji wa karanga.

Nilimkuta Mama Salima ameketi kwenye kivuli cha ghala, ungo mtupu mapajani, anajipepea.

"Mama Salima, gazeti liko wapi?"

"Gazeti gani, mwanangu? Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo! La kufungia karanga!"

"Marahaba. Limekwisha. Nimelichana, nimekunja pembe pembe, nimeuza zote. Mungu kanijalia leo." Akainua kidevu kuelekea kwenye treni. "Limo humo."

Treni ilikuwa imesimama, inapumua. Mabehewa ya daraja la tatu yamejaa watu mpaka madirishani: vijana waliokuwa wakienda kukata mkonge, wanawake wenye watoto mgongoni, makuku kwenye matenga. Na kila mahali mikono inatia karanga kinywani kutoka kwenye pembe za karatasi. Nikapanda.

"Wenye karanga!" nilipaza sauti. "Kuleni karanga, nirudishieni karatasi!"

Watu waligeuka. Mwanamke mmoja mnene aliyevaa kaniki alinitazama kwa huruma. "Mtoto huyu anaumwa. Karanga huzitaki?"

"Sizitaki."

"Hata moja?"

"Nataka karatasi, mama."

"Haya, ngoja." Akamimina karanga zake kwenye upindo wa kaniki yake mwenyewe, akanipa karatasi. Niliikunjua. Miguu! Miguu ya askari, mistari na mistari, mabuti na zile soksi ndefu zimekazwa mpaka magotini. Juu ya viuno hapakuwa na kitu, palikuwa pamechanwa.

Siwezi kuwaeleza hofu ilivyonipanda. Miguu bila vichwa. Bibi si alisema? Miguu hutangulia.

Nikaingia kati ya watu kama panya. Kijana mmoja alikuwa ameshamaliza karanga zake, ametia tumbaku kwenye karatasi, ametoa ulimi kuulamba ukingo. Sikungoja. Nilivuta.

"We mtoto! Tumbaku yangu!" Tumbaku ilimwagika mapajani mwake. "Huyu mtoto wa nani?"

"Wa Keya!" nikamjibu nikiwa nimeshafika kwa mwingine. Watu wakacheka, wakaanza kunisaidia, wakapaza sauti behewa mpaka behewa: mtoto wa Keya anataka karatasi zake, msizitupe! Karatasi zikawa zinanijia juu ya vichwa vya watu, mkono kwa mkono, zimelowa mafuta ya karanga. Nilizilinganisha sakafuni, kipande kwa kipande, kwa kufuata mkato. Viuno nikavipata. Vifua na bunduki nikavipata. Maandishi nikapata yote, pembeni na katikati. Kulibaki shimo moja tu, juu ya vifua. Vichwa havikuwepo.

Vichwa vilikuwa behewa la mwisho, chini ya Mgogo.

Alikuwa mtu mzima, masikio yake yametobolewa ndewe zikaning'inia, shuka lake safi kabisa. Kwa kuogopa masizi ya lile benchi alikuwa ametandika ile karatasi akaikalia. Niliona ncha ya kofia moja inachungulia pembeni ya paja lake.

"Shikamoo, babu. Umekalia karatasi yangu."

"Marahaba. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Nilipolisema tu nikajua nimekwisha. Uso wake ulifunguka kama mlango. Mgogo ni mtani wetu, tangu babu zetu walipopita nchini kwao na mizigo wakiomba maji, na mtani akishika kitu chako huna pa kushitaki. Utakikomboa kwa kufanya atakalo, na mashahidi watacheka.

"Mnyamwezi!" akaliambia behewa zima. "Jamani, tazameni! Walibeba pembe, wakabeba vitambaa, wakabeba mpaka vitanda vya Wazungu. Leo vitu vimewaishia, wanabeba karatasi!"

"Nipe, babu. Treni itaondoka."

"Haiondoki mpaka Mnyamwezi abebe." Akanionyesha robota lake, gunia la chumvi limefungwa kwa kamba. "Hili kichwani. Mpaka mwisho wa behewa na kurudi. Tena uimbe wanavyoimba mababu zako, usije ukatembea kimya kama mwizi."

"Ni zito!"

"Mababu zako walisema hivyo? Wasingefika hata Dodoma."

Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Nikainama, wakanitwika. Shingo ilizama. Nilianza kuimba wimbo wa njiani ambao bibi aliuimba akitwanga, nikaenda hatua kwa hatua, miguu imetanuka, na kila niliyempita aliitikia. Niliona aibu na wakati ule ule nikaona raha ya ajabu, kama vile njia yote ya zamani kutoka Tabora mpaka pwani imeingia ndani ya behewa moja na mimi ndiye kiongozi wake. Nilipofika mwisho nikageuka. Nikahisi sakafu inacheza. Nikadhani ni uzito wa chumvi. Nikaendelea kuimba.

"Mtoto," yule mwanamke mnene, aliyekuwa amenifuata kuangalia, akasema, "treni imeondoka."

Nikatazama dirishani. Tabora ilikuwa inarudi nyuma.

Nililia sasa, robota likiwa kichwani bado. Mgogo aliruka akanitua. Utani ulimtoka wote. "Usilie, mjukuu wangu, usilie, mimi mwenyewe nitasema na gadi. Baba yako yuko wapi?"

"Keya. Bama. Na kichwa chake umekikalia!"

Yule mzee alinitazama. Akainuka kidogo, akaitoa ile karatasi, akaiweka gotini akainyoosha kwa kiganja taratibu, mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Vichwa vya askari vikatokea, kofia zao zimekunjamana. "Na mwanangu mimi yuko huko," akasema. "Yupi wako?"

"Wote," nikamwambia.

Hakucheka. Akasema, "Basi na wangu yumo humo. Ukimkabidhi baba yako mwambie samahani, Mgogo hakujua anakalia watu."

Gadi alifoka, akauliza tiketi, akafoka tena, mwishowe akanishusha stesheni ya Kigwa na kumwachia mtu wa stesheni anitunze mpaka treni ya mizigo ya kurudi. Mgogo alinipungia mkono dirishani mpaka nikauona mdogo. Nilikaa Kigwa kwenye kibaraza cha stesheni, vipande vya gazeti nimevikalia mwenyewe upepo usivichukue, nikala karanga alizonipa yule mwanamke nikishuka. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nimempata baba mzima.

Mama alinisubiri stesheni ya Tabora jua likizama, na fimbo mkononi. Alinichapa kwanza, akanikumbatia baadaye, na sina kinyongo, mimi pia ningeanza na fimbo. Bibi ndiye aliyepika uji wa muhogo akatugandishia vile vipande kwenye kipande cha kaniki kuukuu, miguu chini, vichwa juu. Likaingia ndani ya kilindo.

Baba akarudi.

Sitasema mengi kuhusu siku yenyewe, kila mtu aliyekuwa na Keya anaijua: vigelegele, mabuti, lile koti zito wakati wa joto, watoto wa mtaa mzima wakimfuata. Alikuwa amekonda. Aliniinua, akanitua. Akaketi mlangoni kwenye kiti cha babu, na pale akabaki.

Mama alishusha vifurushi vyote kutoka darini, akavipanga kwenye ungo mbele yake. Baba aliviangalia. "Baadaye," akasema. Kesho yake vilevile. "Baadaye." Ukimwita mara ya kwanza hasikii, mara ya pili anashtuka. Alikuwa akiamka asubuhi anakaa pale pale, anatazama barabara, mikono magotini. Majirani waliokuja na maswali ya vita walijibiwa ndiyo na hapana mpaka wakaacha kuja. Nilimwona mama anajifuta macho kwa mkono wenye masizi, uso unabaki na mistari.

"Miguu imefika," bibi akasema jikoni kwa sauti ya chini.

Mimi nikajua zamu yangu imewadia. Nilikuwa nimejiwekea ya kwangu yawe ya mwisho, kama mtu anavyoficha nyama chini ya ugali. Nikakibeba kilindo kwa mikono miwili, nikakiweka mbele ya mabuti yake, nikafungua kifuniko.

"Baba, nimekutengea."

Akainama. Akatoa la juu. Alikuwa amejifunza kusoma huko alikokuwa, kwa hiyo macho yake yalitembea kwenye maandishi, kisha yakasimama. Uso ukafunga. Akalirudisha ndani.

"Hii vita naijua, Kabula," akasema. "Nilikuwamo."

Akageukia barabara.

Nilisimama pale. Kufagia kote kule, pale kona kote kule, shingo yangu chini ya robota, Kigwa, fimbo. Huzuni ilitaka kuja, ikaja hasira. Nilikipindua kilindo, magazeti yakamwagika miguuni pake.

"Si vita!" nilipiga kelele. Mama akatoka jikoni mbio. "Nani kasema ni vita? Hili ni siku mbuzi wa Mama Salima alipokula kanga ya mama kambani, akala na hapa pembeni, tazama meno yake! Na hili ni mvua ya kwanza, tulikuwa tunapanda, nikaanguka. Hili Bwana Hirji alisahau chai yake juu yake, mkewe akamsema kwa Kihindi mpaka wateja wakaondoka. Hili lina asali, mama alilia siku hiyo, akasema ni moshi!"

"Mwanangu, nyamaza," mama akasema.

"Mwache," baba akasema.

Alikuwa ameligeuza lile la mbuzi, anapitisha kidole pale palipotafunwa. "Kanga ipi?"

"Ile nyekundu," mama akajibu polepole. "Uliyoninunulia."

"Alikula yote?"

"Aliniachia upindo."

Kitu kilitembea mdomoni mwa baba. Akanivuta nikae sakafuni karibu yake. "Soma," akaniambia. Nikasoma. Ukurasa usio na picha nilikuwa naushika chini juu, baba aliona, mama alinieleza miaka mingi baadaye, wala hakunigeuzia. Nilimsomea madoa, mikunjo, vumbi, alama za vidole. Aliuliza maswali. Nani alikufa, nani aliolewa, nani alijenga. Mama alisogea akaketi, akasahau chungu motoni. Bibi akasimama mlangoni na mwiko.

Mwisho nikafika kwenye lile lililogandishwa kwa uji. Nikamweleza kila kitu, miguu kwa yule mwanamke wa kaniki, tumbaku ya yule kijana, mpaka behewa la mwisho.

"Kisha?"

"Vichwa alikuwa amevikalia Mgogo."

"Mgogo?"

"Amesema samahani. Amesema hakujua anakalia watu."

Baba aliangalia zile kofia zilizokunjamana kwa makalio ya mtani. Kwanza nilidhani anakohoa. Mabega yalitikisika, akainamisha kichwa, akaegemea nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta, na kicheko kikatoka, kile kicheko chake kikubwa cha zamani ambacho watu wa mtaa wa pili walikuwa wakikisikia wanasema yule pale. "Mgogo!" alisema akifuta machozi. "Nimezunguka dunia nzima, kumbe Mgogo amenikalia!" Bibi alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akarudi jikoni. Na baba akanyoosha mkono kwenye ungo.

"Lete hizo karanga," akamwambia mama. "Ni za lini?"

Mjukuu wangu aliniuliza juzi magazeti yale yako wapi, maana siku hizi yangekuwa na thamani. Nikamwambia ukweli: baba aliyasoma mpaka yakachanika, mengine tulibandika ukutani, mengine mchwa wamekula, na lile la Mgogo tulimzika nalo baba kwa sababu aliagiza hivyo.

Jana akaja tena kunijulia hali. Nilikuwa nimeshalitoa gazeti lake ndani ya kioo. Nimelitandaza mezani, nimemwaga karanga za kukaanga katikati, bado za moto, mafuta yanaanza kuchora doa.

"Bibi!" akashika kichwa. "Bibi, gazeti la asili!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Na leo ni siku uliyokuja. Kaa, ule."